Mbwa wa miguu mifupi: Upasuaji wa mgongo ni nusu ya tiba, nusu nyingine i nyumbani

Na MWANDISHI WETU

MBWA wa miguu mifupi aliyefanyiwa upasuaji wa diski ya mgongo aghalabu hurejeshwa nyumbani baada ya siku chache akiwa bado hawezi kusimama. Mwenyewe, aliyetarajia kumpokea akitembea, hupigwa na butwaa. Wapo wanaokata tamaa papo hapo na kudhani kwamba fedha zao zimekwenda arijojo.

Ukweli ni kwamba daktari wa upasuaji huondoa kitu kimoja tu, nacho ni shinikizo linaloukandamiza ugwe mgongo, yaani ule mshipi wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo na kupeleka habari baina ya ubongo na viungo. Daktari hashoni neva zilizoumia. Hizo hujiponya zenyewe, polepole, kwa muda wa wiki au miezi. Katika kipindi hicho kibofu, ngozi na misuli ya mnyama huyo huwa amana mikononi mwa anayemtunza.

Ndiposa wataalamu husisitiza kuwa matokeo ya upasuaji huu hutegemea mambo mawili: hali ya neva kabla ya mbwa kufikishwa kwa daktari, na utunzaji atakaoupata baada ya kutoka. La kwanza haliwezi kubadilishwa tena. La pili laweza.

KWA NINI MIGUU MIFUPI?

Maradhi ya diski huweza kumpata mbwa yeyote, lakini wanaoandamwa zaidi ni wale ambao umbo lao lilibadilishwa na binadamu kwa kuwachagulia wazazi, kizazi baada ya kizazi. Miongoni mwao ni Dachshund, Pekingese, Basset Hound, Shih Tzu, Corgi na French Bulldog.

Mashuhuri zaidi ni Dachshund, mbwa wa asili ya Ujerumani mwenye mwili mrefu mithili ya soseji. Neno "Dachs" ni jina la mnyama wa Ulaya wa jamii moja na nyegere, anayeishi katika mashimo anayoyachimba mwenyewe. Wawindaji walitaka mbwa mfupi wa kumfuata huko shimoni, wakampata kwa kuzalisha wale wafupi pekee. Mbwa huyo, kwa jina la Waldi, ndiye aliyekuwa nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ile ambayo Kipchoge Keino aliishindia Kenya dhahabu katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Wengi hudhani kwamba mgongo wa mbwa huyu huumia kwa sababu ni mrefu kama daraja lisilo na nguzo katikati. Dhana hiyo haitoshi kueleza mambo, kwani French Bulldog si mrefu wa mgongo na bado huathirika vibaya. Kiini cha tatizo kimo katika urithi.

Mwaka 2009, wanasayansi nchini Marekani walitangaza kuwa ufupi wa miguu ya mbwa wengi wa aina hii unatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyojipenyeza katika kromosomu ya 18. Mwaka 2017, watafiti wa chuo kikuu cha University of California, Davis, waligundua nakala nyingine ya jeni hiyo hiyo katika kromosomu ya 12. Hii ya pili ndiyo inayohusishwa na kuzeeka mapema kwa diski. Mbwa akirithi nakala hiyo hata kutoka kwa mzazi mmoja tu, tayari yumo hatarini.

KINACHOTOKEA NDANI YA MGONGO

Mgongo wa mbwa, kuanzia shingoni hadi kiunoni, una pingili 7 za shingo, 13 za kifua na 7 za kiuno. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za kwanza za shingo, kuna diski. Kila diski ina ukanda mgumu wa nyuzinyuzi kwa nje, na kwa ndani ina kiini laini chenye majimaji. Kazi yake ni kupunguza mshtuko mnyama anapokimbia au kuruka.

Kwa mbwa aliyerithi jeni hiyo, kiini huanza kukauka angali mdogo, hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kadiri miaka inavyosonga hujaa madini ya kalisi na kuwa kama chokaa. Ukanda wa nje nao hupoteza uimara wake. Kisha siku moja, mbwa akiruka kutoka kitini au hata akitembea tu, ukanda huo hupasuka. Kwa kuwa ni mwembamba zaidi upande wa juu, kile kilichokuwa ndani hufyatuka kuelekea juu na kuugonga ugwe mgongo.

Mtafiti Hans-Jörgen Hansen wa Uswidi ndiye aliyeainisha maradhi haya katika aina mbili mwaka 1952. Aina ya kwanza ni ya mpasuko wa ghafla, na ndiyo ya mbwa wa miguu mifupi. Aina ya pili ni ya diski kuvimba na kujitokeza taratibu, na huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa waliozeeka. Majina hayo yangali yanatumika.

Mipasuko mingi hutokea pale mbavu za mwisho zinapokutana na kiuno. Diski za sehemu ya juu ya kifua zina kinga ya kano zinazounganisha vichwa vya mbavu za kulia na za kushoto, kwa hivyo ni nadra kupasuka. Umri wa hatari zaidi ni kati ya miaka 3 na 7. Kwa upande wa Dachshund, inakadiriwa kwamba kati ya mmoja kwa kila watano na mmoja kwa kila wanne ataonyesha dalili za maradhi haya maishani mwake.

NGAZI TANO ZA MARADHI

Madaktari hupima ukali wa maradhi haya kwa ngazi tano. Katika ngazi ya kwanza mbwa ana maumivu tu: hujikunyata, hutetemeka, hukataa kupanda ngazi na hulia akiinuliwa. Katika ngazi ya pili hutembea akiyumba huku makucha ya nyuma yakiburuta. Katika ngazi ya tatu miguu ya nyuma husogea lakini haiwezi kubeba mwili. Katika ngazi ya nne hupooza kabisa, ila bado huhisi uchungu vidole vyake vinapofinywa kwa nguvu. Katika ngazi ya tano hata hisia hiyo imetoweka.

Hatua ya kutoka ngazi ya nne hadi ya tano ndiyo nzito kuliko zote. Miongoni mwa mbwa waliopasuliwa wakiwa bado na hisia ya uchungu, zaidi ya 9 kati ya 10 hutembea tena. Miongoni mwa wale walioipoteza, wanaotembea tena ni takriban nusu yao, au zaidi kidogo.

Kipimo hicho huwachanganya wengi. Mbwa akifinywa kidole na kuuvuta mguu, hiyo si thibitisho kuwa anahisi. Mguu huweza kujivuta wenyewe kwa nguvu za ugwe mgongo bila ubongo kupata habari. Thibitisho ni mbwa kugeuza kichwa, kulia au kutaka kuuma. Daktari ndiye anayepaswa kufanya kipimo hiki, na mwenye mbwa ana haki ya kuambiwa waziwazi matokeo yake kabla ya kukubali upasuaji.

Mbwa walio katika ngazi mbili za kwanza wengi wao hupata nafuu bila kisu, kwa mapumziko makali na dawa za maumivu. Mbwa asiyeweza kutembea, hata hivyo, anafaa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu idadi kamili ya saa ambazo zikipita matumaini huyeyuka, lakini hakuna anayeshauri kungoja kesho.

KAZI YA DAKTARI

Picha ya kawaida ya eksirei haimwonyeshi daktari ugwe mgongo wenyewe. Kwa hivyo hutumia mashine ya MRI au ya CT. Pasipo na mitambo hiyo, dawa maalumu ya rangi hudungwa kuuzunguka ugwe mgongo kisha eksirei ikapigwa ili kuonyesha mahali ulipobanwa.

Upasuaji unaofanywa mara nyingi huitwa hemilaminektomia. Mbwa hupewa nusukaputi, misuli ya mgongo husogezwa kando, na daktari hufungua dirisha dogo katika ubavu wa pingili. Kupitia hapo huchokoa na kuondoa vipande vya kiini vilivyoubana ugwe mgongo. Madaktari wengi huongeza hatua nyingine: hutoboa diski za jirani na kuvitoa viini vyake kabla havijapasuka, ili kupunguza uwezekano wa mkasa kurudia.

KIBOFU KWANZA

Mbwa aliyepooza miguu ya nyuma aghalabu hupoteza pia uwezo wa kukojoa kwa hiari. Kibofu hujaa na kutanuka. Kisipotolewa mkojo, misuli yake huvutika kupita kiasi hata ikaweza kushindwa kufanya kazi tena. Mkojo uliotuama huzalisha viini vya maradhi, navyo vyaweza kupanda hadi figoni.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mbwa anayelowesha matandiko anakojoa. La. Mara nyingi hicho ni kibofu kilichojaa pomoni na sasa kinafurika, mithili ya pipa linalomwagika ukingoni. Mkojo unaodondoka mbwa anapoinuliwa ni ishara ya hatari, wala si ya nafuu.

Dawa yake ni kukamua kibofu kwa mikono mara 3 hadi 4 kila saa 24, usiku na mchana. Mbwa husimamishwa au hulazwa ubavu. Viganja viwili, vidole vikiwa vimenyooka, huwekwa pande zote mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, na kupapasa mpaka kibofu kihisike kama puto dogo lenye maji. Kisha hukandamizwa taratibu kwa nguvu sawa pande zote, na kushikiliwa hivyo hadi mkojo uishe. Kudunga kwa ncha za vidole au kubana kwa ghafla kwaweza kukidhuru kibofu.

Ustadi huu haupatikani kwa kusoma. Asiondoke mtu katika kliniki kabla ya kukamua mwenyewe, mbele ya daktari au muuguzi, na kuuona mkojo ukitoka. Endapo kibofu kinakataa kufunguka, asitumie nguvu. Daktari anaweza kuagiza dawa za kulegeza mlango wa kibofu, kama vile prazosini.

Mkojo ukianza kunuka vibaya, kuwa na ukungu au damu, huenda kuna maambukizi. Hayo hutokea mara kwa mara kwa mbwa hawa, na kwa kuwa hisia zao zimepungua, huenda wasionyeshe uchungu wowote. Sampuli ya mkojo ipelekwe kwa daktari kabla ya kutumia dawa yoyote.

Haja kubwa haina taabu kama hiyo. Kwa kawaida hujitokea yenyewe, hata kama mbwa hana habari, na kazi ya mtunzaji ni kusafisha tu.

KIZIMBA SI KIFUNGO

Jambo la pili kwa uzito ni mapumziko. Tundu lililoachwa katika ukanda wa diski halijazibika siku mbwa anaporudi nyumbani. Linahitaji muda wa kuota kovu, na kabla ya hapo mrusho mmoja waweza kusukuma nje mabaki ya kiini. Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2022 na kundi la mabingwa wa neva za wanyama chini ya chuo cha American College of Veterinary Internal Medicine unapendekeza mbwa azuiwe kuhangaika kwa muda usiopungua wiki 4. Madaktari wengi huenda hadi wiki 6.

Kizimba kiwe na nafasi ya kumtosha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha, wala kisizidi hapo. Atolewe kwa ajili ya haja na mazoezi aliyoagiziwa pekee. Anapotolewa, afungwe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na taulo ipitishwe chini ya tumbo lake kubeba sehemu ya nyuma. Sakafu ya vigae au simiti iliyong'arishwa itandikwe mkeka wa mpira au zulia, kwani kuteleza ni adui mkubwa.

Kumwinua nako kuna adabu yake. Mkono mmoja hupita chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukabaki sawa kama meza. Kumshika kwapani na kumning'iniza kama mtoto mchanga ni marufuku.

Mtihani mgumu huja wiki ya tatu au ya nne, mbwa anapoanza kuchangamka. Hubweka, hulia, huwatazama watoto kwa macho ya kusihi. Hapo ndipo familia nyingi hulegeza kamba. Kuweza kutembea si sawa na kupona kwa diski, na mlango wa kizimba haufunguliwi kwa sababu mbwa amechoka nao.

NGOZI, KIDONDA NA CHAKULA

Mbwa asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia, hasa nyongani na kwenye vifundo. Tandiko liwe nene na kavu, na mgonjwa ageuzwe ubavu kila baada ya saa 4 hadi 6. Mkojo ukimgusa aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa vizuri.

Kidonda cha upasuaji kikaguliwe kila siku. Nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14. Wekundu unaoenea, uvimbe wa moto au usaha ni sababu ya kurudi kliniki bila kungoja tarehe ya miadi.

Chakula kipunguzwe kiasi, kwani mbwa aliyefungiwa hatumii nguvu nyingi. Kila kilo ya ziada ni mzigo kwa mgongo ule ule uliopasuliwa.

DAWA

Siku za kwanza mbwa hupewa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe kwa agizo la daktari. Hatari hutokea pale mwenyewe anapoongeza tembe kutoka kwenye kabati lake. Dawa za binadamu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Steroidi, ambazo zamani zilidungwa kila mbwa mwenye mgongo, hazipendekezwi tena kama tiba ya kawaida ya maradhi haya, kwa kuwa faida yake haikuthibitika ilhali madhara yake yanajulikana. Zikichanganywa na dawa nyingine za kupunguza uvimbe, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuvuja damu. Ikiwa mbwa alidungwa steroidi popote kabla ya kufika kwa mpasuaji, ni lazima habari hiyo itolewe.

MAZOEZI YA VIUNGO

Misuli isiyotumika hunywea kwa siku chache. Ili kuizuia, miguu ya nyuma hukunjwa na kukunjuliwa taratibu, kiungo baada ya kiungo, mara 10 hivi kwa kila kimoja, mara mbili au tatu kwa siku. Misuli husuguliwa kwa viganja ili damu itembee. Baadaye mbwa husaidiwa kusimama kwa dakika chache, nyayo zikiwa zimetuama sawasawa chini, kisha hutembezwa hatua kadhaa akibebwa kwa taulo. Mazoezi haya yaanze tu kwa idhini ya mpasuaji.

Katika nchi zilizoendelea kuna mashine za kutembelea ndani ya maji, ambamo maji hubeba uzito wa mgonjwa. Asiyeweza kuzipata hana haja ya kusononeka. Utafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State University uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha mbwa waliopewa mazoezi mengi ya kitaalamu mapema na wale waliofanyiwa mepesi. Kwa wale ambao hawakuwa wamepoteza hisia kabisa, mazoezi hayo mengi yalikuwa salama, lakini hayakuwaharakishia kupona wala kuwafanya watembee vizuri zaidi. Kilicho muhimu ni yale mepesi yafanywe kila siku bila kukosa.

NAFUU HUJA KWA UTARATIBU

Ugwe mgongo unapobanwa, mbwa hupoteza mambo kwa zamu. Kwanza hupoteza uwezo wa kujua nyayo zake zilipo, kisha kutembea, na mwisho hisia ya uchungu. Nafuu hurudi kinyumenyume: kilichopotea mwisho ndicho hurudi kwanza.

Kwa hivyo ishara ya kwanza huwa ni hisia ya uchungu vidoleni. Hufuata mkia kutikisika mbwa anapomwona mtu wake au kusikia sahani ya chakula. Mkia unaotikisika kwa sababu tu makalio yameguswa hauhesabiki. Baadaye huja mtikisiko wa mapaja, kisha kusimama kwa sekunde chache, kisha hatua za mlevi. Kuyumba na kuburuta makucha ndivyo vinavyokawia kuisha, na kwa baadhi yao haviishi kabisa.

Mbwa waliokuwa na hisia kabla ya upasuaji wengi hutembea wenyewe kati ya wiki 2 na 6. Waliopoteza hisia huhitaji muda mrefu zaidi, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na huendelea kuimarika baada ya hapo. Hata wanaotembea tena, baadhi yao hubaki wakiponyokwa na mkojo au kinyesi mara mojamoja. Ni vyema kulijua hilo mapema.

Pawepo na daftari. Andika kila siku saa za kukamua kibofu, kiasi cha mkojo, na jambo lolote jipya. Mtu anayemwona mbwa kila saa haoni mabadiliko madogo, na daftari ndilo litakalomwonyesha kwamba wiki hii si sawa na iliyopita.

MATUMAINI YANAPOFIFIA

Lipo tatizo moja linaloweza kufuta juhudi zote. Huitwa mielomalasia, ambapo ugwe mgongo ulioumia hufa na kuoza, na uharibifu huo ukapanda kuelekea kichwani. Kwa jumla huwapata mbwa wachache mno, lakini miongoni mwa waliopoteza hisia ya uchungu hufikia mmoja hivi kati ya kila kumi. Huanza ndani ya siku chache, na mara chache hadi wiki mbili.

Dalili zake ni tumbo kulegea, miguu ya nyuma kuwa teketeke bila mwitikio wowote, mpaka wa ganzi kupanda mgongoni siku hadi siku, miguu ya mbele kudhoofika na hatimaye pumzi kuwa ya shida. Haina tiba. Daktari muungwana atamshauri mwenye mbwa kukubali mnyama aondolewe mateso kwa sindano, na kulikubali shauri hilo si ukatili.

Hali hiyo isichanganywe na ya mbwa aliyebaki amepooza tu lakini ni mzima wa afya. Huyu hula, hucheza na hutambua watu wake. Baadhi yao, baada ya miezi mingi, hujifunza namna ya kutembea inayoendeshwa na ugwe mgongo wenyewe bila amri ya ubongo. Wengine hufungiwa kigari cha magurudumu mawili na kuishi miaka mingi. Wanachohitaji ni mtu atakayekubali kuwakamua kibofu maisha yao yote. Si kila nyumba inayoweza, na ni haki ya mtu kuupima uwezo wake bila kuona haya.

KUZUIA MKASA WA PILI

Mbwa aliyepasukwa na diski moja anazo nyingine zilizozeeka vivyo hivyo. Mkasa wa pili hutokea, mara nyingi katika diski tofauti, na hasa kwa wale ambao diski zao za jirani hazikutobolewa.

Uzito upunguzwe na usirudi. Viti na vitanda viwekewe ubao wa mteremko, au mbwa asiruhusiwe kuvipanda kamwe. Baada ya kipindi cha mapumziko, matembezi ya kila siku ni mema, kwani misuli imara ni nguzo ya mgongo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha pia kuwa Dachshund waliohasiwa au kufungwa kizazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Suala hilo lizungumzwe na daktari wa mifugo wakati mbwa angali mdogo.

Kinga ya kweli, hata hivyo, huanza kwa wazalishaji. Katika nchi za Skandinavia na Ufini, Dachshund hupigwa eksirei ya mgongo wakiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 4, na wenye diski nyingi zilizoingia chokaa hushauriwa wasizalishwe. Kipimo cha jeni nacho kipo. Anayenunua kitoto cha mbwa wa miguu mifupi ana kila sababu ya kuuliza kama mama au baba yake amewahi kupooza.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUKUBALI

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 inawataka madaktari wa mifugo wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa hivyo swali la kwanza ni la usajili. Mengine ni haya: Je, mbwa wangu bado anahisi uchungu? Amewahi kufanya upasuaji huu mara ngapi? Je, atatoboa diski za jirani? Gharama inajumlisha picha, kulazwa na ziara za kuondoa nyuzi? Nikipata shida ya kibofu saa nane za usiku, nimpigie nani?

Swali la mwisho mtu hujiuliza mwenyewe, nalo ni la muhimu kama yale ya daktari: kwa wiki 6 zijazo, nani atakuwa nyumbani adhuhuri kumkamua mbwa huyu kibofu? Asiye na jibu alitafute kwanza kwa jamaa, jirani au mfanyakazi wa nyumbani, amfundishe, kisha ndipo atie sahihi karatasi ya upasuaji.